Harusi Imekwisha: Filamu Tano za Zamani Kuhusu Ndoa, na Ipi Imfae Nani

Anayeomba kutajiwa filamu nzuri ya zamani kuhusu ndoa mara nyingi hutajiwa filamu ya harusi. Huonyeshwa kijana na binti wanaopendana, wanaokataliwa na wazazi, wanaotafutana mpaka dakika ya mwisho, kisha wanafungishwa nikaha au wanavishana pete, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda kabla hatujajua nani ataamka kwanza kesho yake kuwasha jiko. Hiyo ni hadithi ya uchumba, nayo ina utamu wake, lakini ndoa bado haijaanza. Makala hii inalinganisha filamu tano zinazoanzia pale nyingine zinapoishia, kwa ajili ya msomaji aliyekwama katikati ya majina mengi na ambaye ana jioni moja tu ya kutumia.

Filamu zenyewe ni L'Atalante ya Jean Vigo, iliyotoka Ufaransa mwaka 1934. Make Way for Tomorrow ya Leo McCarey, Marekani, 1937. Charulata ya Satyajit Ray, India, 1964. Scenes from a Marriage ya Ingmar Bergman, Uswidi, 1973. Na Xala ya Ousmane Sembène, Senegali, 1975. Zote zimekwisha kupita umri wa kusifiwa kwa sababu ni mpya. Katika kuzilinganisha nitalazimika kugusa namna zinavyomalizika. Asiyependa kuambiwa mwisho aruke moja kwa moja hadi sehemu mbili za mwisho.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni umri wa ndoa inayosimuliwa, kwa kuwa linalowasumbua maharusi wa juzi silo linalowasumbua waliozeeka pamoja. Cha pili ni nyumba. Kiswahili kina busara yake hapa: tukisema bwana fulani ana nyumba mbili hatuhesabu matofali, na tukisema mtu kavunja nyumba ya mwenzake hakuna aliyeshika nyundo. Neno moja linabeba ukuta na ndoa kwa pamoja, na waongozaji hawa watano, ambao hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwa Kiswahili, wanaelekea kulijua jambo hilo vizuri. Kwa hiyo nitauliza juu ya kila filamu ni nani anayeishi ndani, ni nani anayeingia bila hodi, na ni nani asiye na pa kukaa.

Kigezo cha tatu ni maneno, yaani kama wanandoa wanasemezana au wananyamaziana, maana kuna watazamaji wanaochoshwa na mazungumzo marefu na wengine wanaochoshwa na ukimya. Cha nne ni mambo ya kawaida ya utazamaji: urefu, lugha, na mtu wa kutazama naye. Filamu ya ndoa iliyomfaa mtu akiwa peke yake yaweza kumtia fedheha akiwa ameketi na mkwewe.

Umri wa ndoa

Ndoa changa kuliko zote ni ya L'Atalante. Filamu inaanza maharusi wanapotoka kanisani. Juliette ni binti wa kijijini ambaye hajapata kutoka kwao, naye ameolewa na Jean, nahodha wa tishari linalobeba mizigo katika mifereji ya Ufaransa. Maharusi wanatembea mbele kukatiza mashamba, watu wa kijiji wanawafuata nyuma wakiwa wamevaa mavazi meusi kama wanaokwenda kuzika, na safari inaishia ukingoni mwa mfereji, ambapo bibi harusi anapandishwa chomboni akiwa bado na gauni lake jeupe. Sherehe hatuonyeshwi. Kinachofuata ni majuma ya kwanza: mapenzi motomoto, wivu, kununiana, na hatimaye mke kutoroka kwenda kuiona Paris na mume kung'oa nanga kwa hasira na kumwacha huko.

Ndoa ya Charulata ina miaka kadhaa, haina mtoto, na haina ugomvi. Tuko Calcutta mwaka 1879. Bhupati ni tajiri mwenye gazeti la siasa la Kiingereza liitwalo The Sentinel, mume mpole asiye na tabia mbaya hata moja inayoweza kutajwa mbele ya wazee wa usuluhishi. Kosa lake ni kwamba hamtazami mkewe. Ray aliitoa hadithi hii katika kisa cha Rabindranath Tagore cha mwaka 1901, akakifanya kuwa filamu iliyompatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Berlin mwaka 1965.

Johan na Marianne wa Bergman tunakutana nao wakiwa na miaka kumi ya ndoa, tukaachana nao miaka ishirini tangu walipooana, ingawa kufikia hapo wamekwisha kuachana na kila mmoja ameoana na mtu mwingine. Bibi na bwana Cooper wa Make Way for Tomorrow, Barkley na Lucy, wana miaka hamsini, na watoto watano wazima.

Xala ni ya peke yake kwa sababu inaonyesha umri wa aina tatu kwa mpigo. El Hadji Abdoukader Beye, mfanyabiashara wa Dakar, anaoa mke wa tatu aliye rika moja na binti yake. Mke mkubwa ni mtu mzima, mtulivu, aliyekwisha kuona mengi. Mke wa pili bado anapigania nafasi yake. Huyo wa tatu hata sauti yake hatuisikii sawasawa. Siku ya harusi hao wawili wa kwanza wanapelekwa kushuhudia. Usiku wenyewe unapofika bwana harusi anashindwa, na neno la Kiwolofu xala ndilo jina la kushindwa huko. Kwetu watu wangesema kafungwa.

Nyumba na waliomo

Tishari la L'Atalante ni nyumba isiyo na faragha. Wanandoa wanagawana chombo chembamba na mvulana mfanyakazi, na baharia mzee aitwaye Jules, na paka wasio na idadi, ambao mmoja wao anazaa juu ya kitanda cha maharusi. Juliette anafungua kabati akakuta nguo chafu za mumewe zilizolundikana kwa miezi. Anazifua zote, na hakuna anayeshukuru sana. Walioanza ndoa katika chumba kimoja cha kupanga, chenye ukuta unaopitisha sauti na ndugu wa mume aliyelala sebuleni, watalifahamu tishari hili mara moja. Lakini Vigo hamfanyi Jules kuwa adui wa nyumba. Chumba cha mzee huyu kimejaa vitu vya ajabu alivyovikusanya katika safari zake, mpaka mikono ya rafiki yake aliyefariki iliyohifadhiwa ndani ya chupa, naye mwishoni ndiye anayekwenda mjini kumtafuta bibi harusi na kumrudisha. Mtu wa tatu aliyedhaniwa kuwa mzigo ndiye anayeiokoa nyumba.

Katika Charulata mtu wa tatu ni shemeji. Bhupati anatambua kwamba mkewe ana upweke, na kwa wema wake wote anamleta nduguye mdogo, Amal, kijana mcheshi anayependa mashairi, amchangamshe Charu na kumhimiza aandike. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuhusu utani wa shemeji, na namna ulivyo na mipaka ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka. Wabengali nao wana utani huohuo baina ya mke wa kaka na mdogo wa mume, na filamu nzima inatembea juu ya mpaka huo bila kuuvuka kwa tendo. Wakati huohuo kaka wa Charu, aliyekabidhiwa hesabu za gazeti, anamwibia Bhupati fedha. Kwa hiyo nyumba inatobolewa pande mbili, ndugu wa mke upande mmoja na ndugu wa mume upande wa pili, na wote wawili walialikwa na mwenye nyumba.

Mwanzo wa filamu hii unastahili kuelezwa peke yake. Charu anatarizi herufi B kwenye leso ya mumewe. Anaiweka chini. Anachukua darubini ndogo ya kutazamia maigizo, anakwenda dirisha hadi dirisha, anafungua mbao za dirisha kidogo tu, na kuwafuata kwa macho wapita njia mpaka wanapotea. Kisha Bhupati anapita barazani akisoma kitabu, anakaribia kabisa, anageuza ukurasa na kuondoka bila kumwona. Charu anainua darubini ileile na kumtazama mumewe anavyokwenda zake, kama alivyomtazama mpita njia. Kwa dakika hizo chache karibu hakuna neno linalosemwa, na ndoa yote imekwisha kuelezwa.

Bergman anafanya kinyume: anawatoa watu wote nje. Johan na Marianne wana mabinti wawili, lakini hao karibu hawaonekani; wazazi na wakwe ni sauti za kwenye simu na miadi ya chakula cha Jumapili inayowachosha. Hapa nina neno la kusema. Kwa mtazamaji aliyelelewa mahali ambapo ndoa ikitikisika wanaitwa mjomba, shangazi na mshenga, ukimya wa ukoo katika filamu hii unatisha kuliko ugomvi wenyewe. Johan anapomwambia mkewe usiku kwamba ana mwanamke mwingine na kesho anaondoka naye kwenda Paris, Marianne anamsaidia kupanga nguo kwenye sanduku. Akishaondoka, anawapigia simu marafiki, akagundua kwamba walikuwa wakijua. Wengine wataona huo ndio udhaifu wa filamu, kwamba inaitenga ndoa na dunia. Mimi naona ndiyo hoja yake.

El Hadji wa Xala, kwa upande wake, ana nyumba kwa maana zote mbili za neno: kila mke na jumba lake. Sembène anaonyesha jinsi nyumba hizo zinavyojengwa kwa fedha ambazo si zake, maana bwana huyu ameuza mchele uliokusudiwa watu wenye njaa, na katika siku zake za fahari maji ya chupa ya Evian yanamiminwa kwenye rejeta ya Mercedes. Laana inapomshika, anazunguka kwa waganga. Mmoja anamponya, analipwa kwa hundi, hundi inarudi benki haina kitu, na mganga anamrudishia ugonjwa wake uleule. Watu walicheka kwa sauti katika chumba nilichoitazamia, na si kicheko cha kudharau waganga, bali cha kuijua hundi ya namna hiyo. Kisha nyumba zinaondoka moja moja. Mke wa pili anahamisha vyombo. Ndoa ya tatu inavunjika kabla haijaanza. Anabaki mke mkubwa peke yake, na nyumbani kwake ndiko wanakoingia ombaomba wa mtaani, wakiongozwa na mtu ambaye El Hadji alimdhulumu ardhi, kumtaka avue nguo atemewe mate ndipo apone. Picha inaganda hapo. Filamu ya Ray nayo huganda mwishoni, mume na mke wakinyoosheana mikono ambayo haijagusana, na juu yake yanatokea maneno ya Kibengali yenye maana ya kiota kilichovunjika, ambalo ndilo jina la kisa cha Tagore. Miisho miwili ya kuganda, mmoja wa fedheha mbele ya umati, mwingine wa watu wawili kizingitini usiku.

Make Way for Tomorrow inaanza na nyumba kuchukuliwa na benki. Ni miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi nchini Marekani, Barkley hana kazi wala uwezo wa kulipa, na wazee hawa wanawaita watoto wao na kuwaeleza. Watoto wanashauriana, na hakuna mwenye nafasi ya kuwachukua wote wawili. Mama anakwenda kwa mwanawe George mjini New York, baba kwa binti yao Cora, mbali na hapo, na wote wanaambiwa ni kwa muda tu. Hakuna aliyemchukia mwenziwe, hakuna shemeji wala mke mwenza. Ndoa ya miaka hamsini inatenganishwa na upungufu wa vyumba. Nilipoitazama na shangazi yangu, alikaa kimya nusu saa nzima kisha akauliza, "Watoto watano, baba, hata mmoja hana pa kuwaweka?" Nilimjibu kwamba kila mmoja ana sababu yake, na ukizisikiliza sababu hizo ni za kweli. Hilo ndilo linalomtofautisha McCarey na wahubiri. Filamu yake inaanza kwa kukumbusha amri ya kuwaheshimu baba na mama, halafu inatuonyesha watoto ambao si wabaya, pamoja na mama mkwe ambaye kwa kweli anachosha.

Yanayosemwa na yasiyosemwa

Watu wa Bergman wanasema bila kukoma. Filamu inaanza kwa mahojiano ya gazeti: Johan anajieleza kwa ufasaha na majivuno, na Marianne, ambaye ni mwanasheria wa masuala ya familia, anapoulizwa yeye ni nani hana la kusema zaidi ya kwamba ameolewa na Johan na ana mabinti wawili. Baadaye, ofisini kwake, anakuja mama mtu mzima anayetaka talaka baada ya zaidi ya miaka ishirini. Mume hampigi, hanywi, hana mwanamke wa nje. Anachosema mama huyo ni kwamba katika ndoa ile hakuna mapenzi. Anaeleza jinsi hisi zake zinavyofifia, huku akigusa meza iliyo mbele yake. Marianne anasikiliza kama wakili, na kamera inabaki usoni pake mpaka tunaona kwamba anaogopa. Filamu imejaa nyuso za karibu kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na mwenye kuitazama kwenye simu hapotezi mengi.

Ni hapa pia ambapo maneno yanageuka ngumi. Siku ya kusaini hati za talaka Johan anampiga Marianne, na hakuna kinachopunguza ukali wa tukio lile. Hudaiwa mara nyingi kwamba tamthilia hii ndiyo iliyoongeza talaka nchini Uswidi. Anayerudia dai hilo akumbuke kwamba sheria mpya ya ndoa, iliyorahisisha talaka, ilianza kutumika huko mwezi Januari 1974.

Jean na Juliette hawana maneno mengi. Juliette anamwambia mumewe kwamba ukifungua macho ndani ya maji utauona uso wa umpendaye. Jean anaingiza kichwa ndooni kwa mzaha. Baadaye, amempoteza, anajitupa mferejini na kufumbua macho, na mkewe anamjia ndani ya maji akiwa na gauni la harusi, akicheka. Ni filamu inayomwamini mtazamaji. Asiyevumilia hadithi inayokwenda kwa picha kuliko kwa maelezo ataiona imelegea, na sitamlaumu, kwa kuwa katikati yake kweli kuna mahali panapolegea.

Katika Xala anayesema ni binti, Rama, mwanafunzi wa chuo kikuu anayemjibu baba yake kwa Kiwolofu kila baba anapozungumza Kifaransa. Kabla ya harusi anamwambia wazi kwamba kila mwenye wake wengi ni mwongo, na kibao kinampata shavuni. Mama yake anavumilia. Sembène hatuambii kama uvumilivu huo ni hekima au ni kukosa pa kwenda, na katika ukumbi wenye watu wa rika mbalimbali swali hilo pekee litamaliza jioni.

Hata hivyo tukio ninalolikumbuka kuliko yote katika filamu hizi tano ni la simu, katika Make Way for Tomorrow. Mke wa George anafundisha mchezo wa karata uitwao bridge nyumbani ili kuongeza kipato, na usiku mmoja sebule imejaa wanafunzi wake waliovaa vizuri. Lucy yumo humohumo, anawavuruga kwa kiti chake cha bembea kinacholia. Simu inalia, ni Barkley. Bibi kizee anapaza sauti kama wanavyopaza wazee wengi, kana kwamba waya hautoshi kuifikisha, na wacheza karata wanatazamana kwa kukereka. Anamwuliza afya yake, anamsihi avae nguo za kuzuia baridi, anahesabu gharama ya kupiga simu kutoka mbali, anamwambia amemkumbuka. Taratibu karata zinashushwa. Hakuna anayecheka tena, na hakuna anayejua atazame wapi. Upande wa pili, Barkley amevunja miwani, hivyo barua ya mkewe anasomewa na mwenye duka, rafiki yake mzee. Na msomaji huyo, akishamaliza na mgeni kwenda zake, anamwita mke wake mwenyewe kutoka ndani, si kwa haja yoyote ila kumwona.

Wakati huo maneno makubwa hayasemwi. Lucy anajua kwamba George anataka kumpeleka nyumba ya kulelea wazee na anashindwa kumwambia. Anamtangulia, anadai kwamba ni yeye mwenyewe anayetaka kwenda, na anamwomba jambo moja tu: baba yako asijue. Ndipo wazee wanapata saa chache mjini New York, walikofanyia fungate yao, kabla ya Barkley kupanda treni kwenda California kwa binti mwingine. Wanaamua kutokwenda kula chakula walichoandaliwa na watoto. Wanacheza dansi hotelini, na kiongozi wa bendi, akiwaona wamepotea katika mdundo wa kisasa, anabadilisha na kupiga waltz. Kituoni wanaagana kama watakaoonana, wakijua.

Muda, lugha na wa kutazama naye

Filamu fupi ni mbili za mwanzo, kila moja ikiwa na saa moja na nusu hivi. Charulata inakaribia saa mbili, Xala inazipita kidogo. Ya Bergman ina sura mbili: ya televisheni yenye sehemu sita, ambayo ni karibu saa tano, na ya sinema isiyofika saa tatu. Ningependekeza ile ya sehemu sita, sehemu moja kwa usiku, kwa kuwa ile fupi inapita haraka mahali ambapo uchovu wa siku nyingi ndio habari yenyewe. Kwa L'Atalante tahadhari ni nyingine. Vigo alifariki mwaka huohuo wa 1934 akiwa na miaka 29, na wasambazaji walikuwa wameikata filamu yake na kuibandika jina la wimbo uliokuwa ukivuma. Tafuta nakala iliyorekebishwa ya dakika 89.

Make Way for Tomorrow iko kwa Kiingereza. Nyingine ni za Kifaransa, Kibengali, Kiswidi, na Kiwolofu kilichochanganyika na Kifaransa, na zinahitaji mtu anayesoma tafsiri chini ya picha. Sijaiona hata moja kati yake ikiingizwa sauti ya Kiswahili na ma-DJ wa vibanda umiza, na kwa Xala nadhani hiyo ni fursa iliyopotea, maana ndiyo yenye vichekesho vinavyosafiri.

Pamoja na wazazi au watoto wakubwa, Make Way for Tomorrow na Charulata hazina picha ya kuaibisha. L'Atalante ina mambo madogo katika chumba cha Jules. Xala inazungumzia nguvu za kiume tangu mwanzo hadi mwisho, ina utupu wa hapa na pale, na mwisho wake unatia kinyaa kwa makusudi. Ya Bergman ina mazungumzo ya wazi kuhusu kitanda, suala la kutoa mimba, na kipigo. Kwa mtu ambaye amepigwa katika ndoa yake, inafaa aambiwe mapema.

Kwa kila hali

Wachumba wanaokaribia kuoana, au maharusi wa mwaka wa kwanza, wataanza vizuri na L'Atalante. Inakubali kwamba watu wapendanao wanaweza kuoneana haya, kuchokana na kukimbiana ndani ya miezi michache, na bado wakarudiana. Wakihitaji kitu chepesi zaidi, McCarey alitengeneza mwaka uleule wa 1937 kichekesho kuhusu mume na mke walioachana, The Awful Truth. Kilimpa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, naye akasema wamempa kwa filamu isiyo yenyewe.

Nyumba ambayo kila kitu kipo, ada imelipwa, gari lipo, na mazungumzo yamebaki ya bili na ratiba, itajiona katika Charulata. Ni ya kutazamwa na wote wawili, na afadhali mume ndiye aipendekeze. Akipendekeza mke inaweza kuchukuliwa kuwa mashtaka.

Mwenye kufikiria kuongeza mke, mwenye kufikiria kukubali kuwa mke wa pili au wa tatu, na binti wa nyumba hizo wana Xala. Sembène ana upande wake na haufichi, kwa hiyo anayetafuta maelezo ya haki kuhusu taratibu za ndoa za dini au mila asiyatafute hapo. Shabaha yake ni tajiri mpya wa baada ya uhuru, na wake ni sehemu ya mali anazojionyeshea.

Ambao talaka iko mezani, au imekwisha kupita na bado wanaongea na mtalaka wao kichwani, ya Bergman itawafaa ikiwa wana nguvu za kuivumilia. Waliomo katikati ya ugomvi mbichi wasubiri. Nimeona watu wawili wakiitazama kama silaha, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole kwenye skrini, na kufikia sehemu ya tatu mmoja alikuwa amehamia chumba kingine.

Familia zenye wazee wanaozungushwa kwa watoto, miezi mitatu kwa kaka mkubwa, miezi mitatu kwa dada, zitazame Make Way for Tomorrow, na zikiweza zitazame watoto wote pamoja kabla ya kikao cha kuamua mama akae wapi. Wazee wenyewe waulizwe kwanza kama wanataka kuwepo. Shangazi yangu aliitazama mpaka mwisho, akaomba simu, akampigia mjomba aliyekuwa shambani tangu Jumatatu, na akaanza kwa kumwuliza kama amevaa sweta.